Safu Zangu Saba na Nyumba ya Wankuru

Naanza kwa kujisifu, mnivumilie. Mtu akishastaafu anaruhusiwa, na kama ninyi vijana mnaotengeneza ripoti kwenye kompyuta hamtaki kumsikia mama mtu mzima akijipiga kifua, wekeni hii pembeni mkanywe chai. Ni hivi: ripoti ya kwanza ninayoijua mimi pande za Serengeti na Tarime ambayo msomaji aliweza kuchagua mwenyewe safu za jedwali, akaondoa hii na kuleta ile bila kumpigia mtu simu, niliitengeneza mimi, Mama Ryoba, katika chumba cha kupanga pale Mugumu, juu ya meza yenye mguu mmoja mfupi. Kama kulikuwa na nyingine kabla yake, mwenye nayo ajitokeze. Nimemsubiri mpaka nimestaafu.

Kwenu ni jambo dogo. Unaweka tiki kwenye orodha ya pembeni, safu inakuja. Unatoa tiki, inaondoka. Jumla zinajirekebisha zenyewe. Mtoto wa darasa la tano anaweza. Lakini mtu aliyepinga jambo hilo kuliko wote katika ofisi yetu alikuwa mimi huyu ninayejisifu, na ubishi wangu nusura uvunje nyumba ya watu. Hilo ndilo nataka kuwaeleza.

Ubishi wangu niliutoa mbali. Kazi nilijifunzia Tarime, kwenye mashine ya kuchapa, chini ya Mzee Odhiambo. Alikuwa Mjaluo, nusu ya ukoo wake huku na nusu ng'ambo ya mpaka wa Sirari, mtanashati wa suruali yenye mkunjo, na katika kuchapa majedwali hakuwa na mpinzani. Ukitaka safu sita kwenye karatasi moja, alikufundisha kuhesabu herufi za neno refu kuliko yote katika kila safu, kujumlisha, kuongeza nafasi tatu tatu za katikati, kulinganisha na upana wa karatasi, ndipo uweke vituo vya mashine. Ukishaviweka, kila unapobonyeza, karatasi inakimbia na kusimama palepale ulipopanga. Raha ya ule mlio siwezi kuwaeleza mkanielewa.

Siku moja nilichapa orodha ya majosho ya ng'ombe, karatasi kumi na moja, na nilipofika ya mwisho nikagundua nimesahau safu ya kijiji. Nikaona nisijitese. Nikaandika majina ya vijiji kwa kalamu pembeni, kwa mwandiko mzuri kabisa. Mzee Odhiambo akaichukua ile karatasi, akaisogeza dirishani, akaitazama kwa muda ambao mimi niliuona mrefu sana.

"Nyathina," akasema, maana ndivyo alivyoniita, mwanangu. "Hii umepanga ama umemwaga?"

"Nimesahau safu moja tu, mzee."

"Sasa mtu wa josho akisoma, atasoma kichwa chako ama karatasi?"

Nilizichapa upya zote kumi na moja. Chakula cha mchana sikukiona. Tangu siku hiyo nikashika neno: fikiria safu zako kabla ya kuziweka, na ukishaziweka, asiziguse mtu. Kwenye mashine ya kuchapa lilikuwa neno la dhahabu. Kosa langu ni kwamba mashine zilipotupwa stoo, mimi nililibeba nikaenda nalo kwenye kompyuta.

Nilipokuja Mugumu nilikuwa nimeshajua kompyuta vizuri, na nilikuwa na kiburi cha kunitosha mimi na jirani. Niliajiriwa na mradi mdogo ambao haupo tena, wenye vyumba viwili vya kupanga na gari moja. Ilikuwa miaka ya rashi. Anayejua rashi hahitaji maelezo, lakini wengine mmezaliwa juzi: dhahabu ilionekana kwenye mteremko wa kilima kimoja upande wa Busawe, mahali watu walipolima mihogo na mtama tangu babu zao, na ndani ya wiki chache watu walikuja kutoka kila kona, wa Geita, wa Kahama, wa ng'ambo ya mpaka. Maduara, yaani mashimo ya dhahabu, yalichimbwa kila mahali, hata nyuma ya vyoo vya watu. Mashine za kusaga mawe zilinguruma mchana kutwa. Chini kwa chini, duara la huyu lilikutana na duara la yule, na kilima kikabaki kitupu ndani. Nyumba zikaanza kupasuka kuta, na kuna jiko la mtu lilizama siku ya Jumapili wenyewe wakiwa kanisani.

Basi ikaamuliwa kaya zilizokaa kwenye mteremko zihamishiwe uwanda wa chini, mahali salama. Kaya yenye watoto ipewe kiwanja cha kujenga, chenye nafasi ya zizi na shamba dogo. Mzee anayeishi peke yake apewe chumba katika nyumba ndefu ya wazee, karibu na zahanati. Na mpita njia, yaani mtu aliyefuata dhahabu, arudi alikotoka. Ilikuwa sheria ya maana, maana wapita njia walikuwa wamejaa na kila mmoja alijiita mwenyeji. Kazi ya mradi wetu ilikuwa kuhesabu na kupanga nani ni nani, na kazi yangu ilikuwa ripoti. Bosi alikuwa Injinia Deo, mtu wa Dar es Salaam, mpole, mwenye haraka ya kudumu.

Nilitengeneza jedwali la safu saba. Namba ya kaya, mkuu wa kaya, jinsi, mume au mke, uhusiano, idadi ya watoto, hadhi. Safu saba, upana mmoja, rangi mbili, mistari imelala vizuri mpaka unatamani kuilamba. Injinia aliipenda. Mimi niliipenda zaidi.

Shida ni kwamba kila mtu alitaka kitu kingine. Mpima ardhi alitaka kitongoji. Muuguzi wa zahanati alitaka umri wa watoto wachanga. Mwenyekiti wa kijiji alitaka ukoo. Mimi sikuwa tayari kugusa safu zangu, kwa hiyo kila aliyelalamika nilimtengenezea ripoti yake. Mngefungua kompyuta yangu ya wakati ule mngecheka mpaka mlie: ripoti ya mpima, ripoti ya muuguzi, ripoti ya mwenyekiti, ripoti ya mwenyekiti mpya, ya mwisho, ya mwisho kabisa, ya mwisho ya kweli. Data ikibadilika nabadilisha mahali kumi, na mahali pa kumi na moja nasahau.

Tulikuwa na mwenzetu anaitwa Salome, mtaalamu wa data kutoka Musoma, msichana mwenye sauti ndogo na akili kubwa. Aliniambia mapema kabisa, "Mama, kwa nini usiwaachie wachague kolamu wenyewe? Inawezekana."

Nikamjibu, "Wakichagua wenyewe, mimi nitakuwa nafanya nini?"

Akarudi kwenye meza yake. Silifurahii jibu hilo, lakini ndilo nililolitoa, na ninyi mtakaposhikwa na wivu wa kazi yenu mkumbuke kwamba unaanza hivyohivyo, kwa mzaha.

Jumatatu moja asubuhi waliingia wanawake wawili ofisini. Wa mbele alikuwa mama mzee, mrefu, amejifunga shuka juu ya gauni, fimbo mkononi. Nyuma yake mwanamke wa miaka thelathini hivi, mtoto mgongoni, macho chini. Mzee aliitwa Wankuru. Mwenzake aliitwa Robi.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye karatasi?"

"Ndiyo mimi, mama. Karibuni mkae."

"Sikai. Nisomee mji wangu."

Nikaitafuta kaya yake, nikaisoma. Mkuu wa kaya Wankuru, mwanamke. Mume, hakuna, amefariki. Watoto, hakuna. Hadhi, mzee wa peke yake. Kwa hiyo, chumba katika nyumba ya wazee.

"Na Robi?"

"Robi aliandikwa mkwe, mama. Lakini kwenye kaya yako hakuna mtoto wa kiume, kwa hiyo ripoti imemhesabu mpita njia. Yeye na watoto wanne."

"Nani amemhesabu hivyo?"

"Mfumo, mama."

"Mfumo una mikono? Nakuuliza nani." Akapiga fimbo chini. "Wewe kwenu wapi?"

"Tarime, mama."

"Mkurya?"

"Mkurya."

"Basi unajua mimi nimeoa. Robi nimemtolea ng'ombe mimi mwenyewe, zizi likabaki na ndama wawili. Unajua, hujui?"

"Najua."

"Sasa ulipoona hayupo kwenye karatasi, ulifikiri amekufa?"

Kwa wasiotoka kwetu nieleze. Mwanamke aliyeolewa akakosa mtoto wa kiume, mila yetu inamruhusu kutoa ng'ombe na kuoa mwanamke mwingine, ili nyumba yake isizimike. Tunaita nyumba ntobhu. Yule wa pili anazaa, na watoto ni wa nyumba ya yule mama aliyetoa ng'ombe. Mwanamume aliyewazaa hana neno juu yao. Sisemi mila hii haina machungu yake. Nimewaona mabinti waliopelekwa kwenye nyumba hizo wakilia. Lakini nyumba ni nyumba, na mtu aliyeishi ndani yake miaka kumi na minne si mpita njia wa dhahabu.

Na mimi nilijua. Hapa ndipo panaponiuma mpaka leo. Vijana wetu wa kuhesabu kaya, Wakurya wenzangu, walipofika kwenye nyumba ya namna hii hawakuona pa kuandika "mke" wa mwanamke, wakaandika "mkwe", kwa heshima, kama wanavyosema watu wakiwa mbele ya wageni. Nilipopitia orodha niliwaona wakwe wasio na waume, nikaelewa papo hapo. Ningemweleza Injinia Deo. Niliona haya. Nilifikiri mtu wa Dar atatucheka, ataniuliza maswali, atawasimulia wenzake. Nikaacha safu ya uhusiano ifanye kazi yake, nikajiambia watajieleza wenyewe. Nilinyamaza kwa aibu ya kwetu wenyewe, na watoto wanne wakafutika.

"Orodha inafungwa Ijumaa," nikawaambia.

Robi ndipo alipoinua macho. "Wakinirudisha kwa baba yangu, ng'ombe watadaiwa," akasema. "Na baba hana hata mbuzi. Watoto watagawanywa kwa wajomba. Mama huyu atalala chumba cha wazee, atakufa huko peke yake."

Waliondoka, na mimi nikabaki naangalia safu zangu saba nzuri, kwa mara ya kwanza nazichukia.

Njia ya mkato ilikuwepo. Ningebadilisha neno moja kwenye mstari mmoja, "mkwe" iwe "binti", na nyumba ya Wankuru ingepona. Kidole kilifika kwenye kibodi. Nikakumbuka kwamba wakwe wa namna hiyo niliwaona zaidi ya mmoja. Ningeiponya nyumba moja na kuziacha nyingine zikizama, tena kwa uongo ambao siku moja ungegundulika na kumtoa Robi tena, safari hii kama mdanganyifu. Nikaenda kwa Salome.

"Lile jambo lako la kolamu," nikamwambia. "Nifundishe."

Hakunicheka, Mungu ambariki. Akavuta kiti tu.

Jambo la kwanza tulilofanya ni kurudi kwenye fomu za kuhesabia. Kule chini kabisa kulikuwa na maswali ambayo sikuyapa nafasi kwenye jedwali: nyumba hii ni ya nani, ukoo, mwaka wa kuhamia, shahidi wa ukoo ni nani. Vijana walikuwa wameyajaza yote, kwa sababu kwetu huwezi kumuuliza mtu habari zake usiulize ni wa nyumba gani. Kwenye fomu ya Robi imeandikwa wazi: nyumba ya Wankuru. Data ilikuwepo miezi yote ile. Aliyeifunika ni mimi, kwa sababu safu ya nane ilikuwa inaharibu upana wangu.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe, maana wengine mnafanya ovyo. Ukitaka msomaji abadilishe safu, usianze na jedwali. Anza na orodha ndogo ya pembeni yenye majina ya safu unazoziruhusu. Kila jina lifungwe kwenye safu yake halisi, na lipewe namba ya mpangilio, la sivyo safu zitapangwa kwa alfabeti na idadi ya watoto itatangulia mwenye nyumba. Jina liwe la watu. Kwenye data safu iliitwa kwa herufi na namba ambazo hata mimi nilizisahau. Kwenye orodha niliandika "Nyumba ya nani". Kisha jedwali lenyewe lisishike safu yoyote, lishike ile orodha. Msomaji akiweka tiki, jedwali linaita safu hiyo na kuhesabu upya kwa kuifuata.

Jumanne jioni ripoti ilikuwa inafanya kazi, nikawa nimevimba kichwa. Jumatano asubuhi nikatoa tiki kwenye namba ya kaya ili nafasi iongezeke, nikaona watu wamepungua. Nikarudisha tiki, wakarudi. Nikatoa, wakapungua. Nilimwita Salome kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka. Akatazama, akauliza, "Mama, huku kwenu akina Chacha Marwa ni wangapi?"

Wengi mno. Na kila Chacha Marwa ana jirani anayeitwa Marwa Chacha. Namba ya kaya ikiondoka, akina Chacha Marwa wote wenye ukoo mmoja na hadhi moja wanaonekana sawasawa, na jedwali linawakunja kuwa mstari mmoja. Nilikuwa nimewafanya wanaume wazima wa Busawe kuwa mtu mmoja. Kwa hiyo shikeni hili: iwepo safu moja isiyotolewa tiki kamwe, ile inayomtenga kila mtu na mwenzake. Iwekeni nje ya orodha, isimame peke yake mwanzoni, na msimbembeleze mtu kuhusu hilo.

Makosa mengine niliyafanya baadaye, acha niyataje hapa kabla sijasahau. Kuna mkubwa mmoja alitoa tiki zote ili aone kitatokea nini, akanipigia simu akihema: "Mama Ryoba, watu wote wamehama!" Nikajifunza kuweka safu za kuanzia, ili jedwali lisibaki tupu mtu akichezea. Mwingine aliweka tiki zote, herufi zikawa ndogo, akaomba anunuliwe miwani. Hayo ya kucheka. Lisilo la kucheka ni kwamba nilipofungua safu nilizifungua zote, na safu ya maradhi ikiwemo, ile ya zahanati. Mwenyekiti aliiwekea tiki mbele ya watu watatu waliokuja kuuliza viwanja. Niliruka kutoka kwenye kiti nikafunika skrini kwa khanga yangu. Kumpa mtu uhuru wa kuchagua hakumaanishi kumwekea kila kitu mezani. Safu ambayo mtu hapaswi kuiona usiifiche tu, iondoe kabisa kwenye ripoti yake.

Alhamisi asubuhi niliingia kwa Injinia Deo na laptop. Nilimweleza nyumba ntobhu tangu mwanzo mpaka mwisho, sikuruka kitu, na nilimwambia pia kwamba nilijua na nilinyamaza. Aliweka kalamu chini. Hakunicheka. Haya yangu yote ilikuwa ya bure.

"Nakuelewa, Mama Ryoba," akasema. "Lakini nikikubali hii, kesho kila mtu wa rashi atakuja na nyumba yake. Atasema kaolewa na bibi fulani. Nitamkataaje?"

Lilikuwa swali la haki, na sikutaka kulijibu kwa mdomo. Nikamsogezea laptop.

"Toa tiki kwenye mume au mke," nikamwambia. "Toa uhusiano. Weka nyumba ya nani."

Akafanya. Mistari ikajipanga upya mbele yake. Nyumba ya Wankuru, watu sita.

"Hiyo mtu anaweza kusema tu," akasema.

"Weka shahidi wa ukoo. Weka mwaka wa kuhamia."

Akaweka. Injinia alisogea karibu na skrini. Wapita njia walijaa mapengo: hakuna shahidi, mwaka wa kuhamia ni ule ule wa dhahabu. Nyumba za mama zetu zilikuwa na majina ya wazee wa ukoo, na miaka iliyotangulia rashi kwa mbali. Akaanza kuchezea mwenyewe, akatoa hii, akaleta ile, akapanga kwa kitongoji, akarudi kwa nyumba. Zikajitokeza nyumba nyingine tisa za namna ile ile ya Wankuru. Nilihesabu naye kwa kidole. Tisa, na mimi nilizisaini zote zipotee.

"Kwa nini hukunionyesha hii siku zote?" akauliza.

"Kwa sababu nilidhani ripoti ni yangu," nikasema.

Akacheka kidogo, lakini aliona sichezi. Siku hiyo hiyo alituma gari Busawe, wazee wa ukoo wakaulizwa nyumba kwa nyumba, wakathibitisha zote kumi mbele ya mwenyekiti. Ijumaa orodha ilifungwa ikiwa na watu wake. Nikawaambia wote ofisini kwamba ripoti zile za mwisho, za mwisho kabisa na za mwisho za kweli nimezifuta, na imebaki moja. Salome akapiga makofi peke yake mpaka nikaona haya.

Ripoti ile ilizunguka. Waliichukua watu wa Mbalibali walipotaka kuhesabu visima, kule mfugaji anataka kuona ng'ombe na mkulima anataka kuona mashamba, na wote wawili wakachagua walichotaka kwenye jedwali moja. Nilikwenda Tarime kuifundisha, mwanamke wa umri wangu mbele ya vijana wenye shahada, nikiwaambia wekeni tiki hapa, toeni hapa, namba isiguswe. Nilivaa gauni langu la Pasaka. Nadhani mnaona kwamba najivuna. Najivuna kweli. Kwa kazi ya miaka yote hiyo, ile wiki moja ndiyo ningependa isomwe siku watakaponizika.

Lakini mimi mwenyewe niliiona ripoti hiyo ikisomwa siku ya kugawa viwanja. Nilipanda gari la mradi bila kualikwa, nikasimama nyuma ya watu. Uwanda ulikuwa umepimwa, vigingi vimechongwa vyeupe, upepo unapeperusha vumbi la udongo mpya. Mpima ardhi alikuwa na ripoti kwenye tableti yake, na alikuwa amechagua safu zake: namba, nyumba ya nani, kiwanja. Hakumwita mtu kwa jina la mume wala la baba. Alikuwa anaita nyumba.

"Nyumba ya Wankuru!"

Watoto watatu walitangulia mbio mpaka kwenye vigingi. Wankuru alikwenda taratibu na fimbo yake, moja kwa moja mpaka upande wa juu wa kiwanja, akaanza kupima kwa hatua mahali pa zizi, wala hakumtazama mpima. Robi ndiye aliyekwenda kupokea hati, mtoto mgongoni. Mpima aliangalia tableti, akamwangalia yeye.

"Wewe ni nani kwenye nyumba hii?"

Mahali pale palikuwa na watu wa kila aina, wenyeji, wageni, viongozi wa Mugumu, na Robi nilikuwa sijawahi kumsikia akisema kwa sauti mbele ya watu. Akamweka sawa mtoto mgongoni.

"Mke," akasema.

Mpima akaweka tiki, akamkabidhi hati, akaita nyumba iliyofuata.